Barua kwa mwanangu kuhusu gari linalochemsha

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimesoma kwamba kile kigari kimechemsha tena kwenye mlima wa kutoka Uyole kwenda Isongole, na kwamba fundi wa huko anataka kutoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ili maji yapite moja kwa moja. Usimkubalie. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake na hula mafuta, huku ugonjwa wenyewe ukibaki palepale.

Kabla hujanunua rejeta nyingine ya kupozea maji ya injini, kagua mfuniko wake, injini ikiwa imepoa kabisa. Hapa Mbeya tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko huo, ambao ukiwa mzima huyawezesha kupita nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka, mvuke hutoka, maji hupungua, na lawama zote huiangukia rejeta. Yale maji ya kahawia uliyoyaona ni kutu, kwa hiyo yamwagwe yote, mfumo usafishwe, na iwekwe kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, badala ya maji ya bomba. Feni nayo itazamwe kama inajiwasha.

Kuhusu utando mweupe chini ya mfuniko wa oili, usikimbilie kusema gasketi inayotenganisha maji na oili ndani ya injini imeungua, kwa sababu safari fupi za asubuhi za baridi huacha unyevu wa namna hiyo. Chomoa stiki ya kupimia oili. Oili yenyewe ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au maji yakipungua bila kuvuja popote huku moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, hapo nitakubaliana na baba yako, ambaye tangu mwaka jana anasema tuliuze, kwani kufungua injini ya gari la umri ule kunaweza kupita bei yake. Kwa sasa sioni sababu, maana breki na bodi bado ni nzima.

Mshale wa joto la injini ukipanda ukiwa mlimani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho hata kama jua ni kali, na utafute mahali salama pa kusimama.

Jumamosi ukija mjini, njoo na huo mfuniko wa zamani ili dukani tupate wa presha ileile.

Mama yako