Asante, kijana wa sweta ya kijivu

Jina lako sikulipata, ila nataka watu wajue ulichofanya.

Mama yangu, Mlutheri wa Moshi, alikuja Nairobi kutibiwa mtoto wa jicho. Kabla ya upasuaji aliomba nimpeleke Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lile la mawe lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1917. Tulipoingia, macho yake yaliambulia ukungu tu. Akanyamaza, nami nikakosa la kumwambia.

Wewe ulikuwa ukipanga vitabu vya nyimbo. Uliviacha, ukamwamkia shikamoo, ukamshika mkono. Ukakiweka kiganja chake kwenye nguzo apapase mawe, ukamweleza jinsi matao yanavyopanda na kuchongoka juu. Kwenye dirisha la vioo vya rangi hukusema tu kwamba ni zuri. Ulitaja rangi moja moja: "Buluu iko kushoto kwako, mama. Nyekundu inaanzia usawa wa bega." Kisha, na hili ndilo lililonigusa zaidi, ulingoja wingu lipite, ukamsogeza hatua mbili ili mwanga mwekundu uangukie kanga yake nyeupe. Hiyo aliiona! Alicheka kwa sauti.

Ulitusindikiza hadi getini, ukatutafutia teksi, ukakataa hela.

Ndugu mnaopokea wageni makanisani, mgeni asiyeona vizuri mtajieni rangi na upande, mpeni nafasi aguse panapogusika.

Mama ameshafanyiwa jicho la kwanza na anaendelea vizuri. Anakusalimu sana.