Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka kihambani

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali: Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Nanyi majirani zetu Waislamu, ambao kila mwaka mnafika bila kuhimizwa, mnalikosoa pilau letu kisha mnaongeza sahani, karibuni tena. Idd itakuwa zamu yetu ya kukosoa.

Anayetaka kuona watu wanavyopishana katika kuutazama muda, aende Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, siku chache kabla ya Krismasi. Yupo aliyekata tiketi mapema, ameiweka kwenye bahasha, na bahasha kaiweka kwenye begi lenye kufuli. Yupo anayefika alfajiri na kifurushi kimoja, tiketi hana, ila ana uhakika kwamba gari halikosekani. Na yupo anayelipa nauli yoyote atakayotajiwa bila kubishana, kwa sababu mama yake amebaki peke yake kule juu mlimani na ameahidiwa. Mabasi yakizidiwa, kosta zinapewa vibali vya muda, na safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Kilimanjaro inaanza watu wakiwa wamebanana na maboksi ya biskuti.

Wenzetu wa mikoa mingine wanatutania kwamba Wachagga tunakwenda Moshi "kuhesabiwa". Utani huo unachoma kidogo maana una ukweli ndani yake. Asiyeonekana Desemba mbili mfululizo, ukoo huanza kuulizana habari zake kwa sauti ya chini, kama anayeumwa.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Zimbardo na John Boyd, walitoa dodoso la maswali 56 la kupima mtu anaegemea wapi: jana, leo au kesho. Waliwagawa watu katika makundi matano. Wapo wanaoikumbuka jana kwa furaha, na wapo wanaoikumbuka kwa uchungu. Wapo wanaoishi leo kwa raha, na wapo wanaoishi leo kwa sababu wameshakata tamaa, liwalo na liwe. Halafu wapo wanaoishi kwa ajili ya kesho, wenye orodha na akiba. Nikiyasoma makundi hayo nawaona watu wa ukoo wetu mmoja mmoja, tena wote wamekaa benchi moja nyuma ya nyumba, wanapokezana kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Krismasi ndiyo wakati pekee makundi yote matano yanalala chini ya paa moja, na ndiyo maana kelele haziishi.

Tuanze na jana, kwa kuwa ndiyo inayotupakia kwenye basi. Kihamba kwa asiyekijua ni shamba la nyumbani, lakini shamba la ghorofa. Juu kabisa iko miringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi. Kando ya nyumba, mara nyingi hatua chache tu kutoka jikoni, yako makaburi ya babu na bibi. Mtoto anakua akicheza chandimu karibu na kaburi la mtu ambaye jina lake ndilo alilorithi yeye. Desemba makaburi yanafyekewa majani, yanapakwa chokaa, na siku hizi wenye uwezo wanayawekea vigae vinavyong'aa kuliko sebule zao. Kwa desturi mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya baba, na akiwa na akili anapanda mringaringa leo akijua kabisa kwamba atakayepasua mbao ni mjukuu wake. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliitambua Shimbwe Juu, upande wa Moshi, kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya kilimo hiki. Bibi zetu hawakungoja cheti.

Hapo ndipo ninapotofautiana kwa heshima na marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya. Mwaka 1969 aliandika kwamba kwa Mwafrika wa jadi muda una jana ndefu na leo yenye uzito, lakini kesho ya mbali karibu haipo, kwa kuwa mambo yake hayajatokea. Aliandika kwa kina, na wengi wamemjibu kabla yangu. Mimi nina mbege tu. Ndizi lazima zivundikwe mpaka ziive, zichemshwe, ziachwe zichachuke siku kadhaa, kisha ndipo uingie ulezi uliooteshwa na kusagwa. Anayedhani mzee wa kijijini hana kesho ajaribu kuanza kupika mbege tarehe 24. Halafu akaitazame mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kushusha maji kutoka korongoni hadi vihambani, ambayo wageni wa Ulaya waliikuta inafanya kazi walipofika karne ya 19. Maji yana zamu, na zamu ni ahadi ya kesho: leo yangu, keshokutwa yako, na ole wake atakayefungulia usiku.

Leo nayo ina wafuasi wake, na Desemba ni mwezi wao. Ponda mali, kufa kwaja. Mbuzi anachinjwa, kisusio kinachemka, vijana wa mjini wanawaagizia watu vinywaji baa nzima huku mfukoni wana nauli ya kurudi nusu. Januari inawangoja mlangoni. Wakenya wameipa jina lake, Njaanuari, na sisi hatuna cha kuongeza. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, viatu, madaftari na michango vinajua njia ya kufika mfukoni kwa mzazi. Basi kila mwaka unasikia mahubiri yale yale, kanisani na redioni: vijana hawana nidhamu ya fedha, hawafikirii kesho, wanakula mbegu.

Mahubiri hayo siyapendi, na nitaeleza kwa nini. Huenda mmewahi kusikia jaribio la peremende la Walter Mischel pale Stanford, lililoanza miaka ya 1960. Mtoto anawekewa peremende laini mezani, anaambiwa akingoja bila kuila atapewa ya pili. Baadaye ikasemwa kwamba waliongoja walifanikiwa zaidi maishani, na wahubiri wa maendeleo binafsi wamekula mkate kwa hadithi hiyo mpaka leo. Lakini 2018 watafiti walirudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900, na walipozingatia hali ya nyumbani anakotoka mtoto, ule uhusiano ukanywea sana. Kilichonigusa zaidi ni jaribio jingine, dogo, lililochapishwa 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Walichukua watoto 28. Kabla ya peremende, mtu mzima aliwaahidi rangi nzuri zaidi za kuchorea, kisha stika nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa walichoahidiwa. Nusu waliambiwa samahani, kumbe hatuna. Ndipo peremende ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3.

Ilitosha ahadi mbili tu kuvunjwa. Sasa mfikirieni mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Mkahawa unakula miaka mitatu minne kabla ya kuzaa vizuri. Babu zetu waliungoja, wakaunda ushirika wao, KNCU, mwaka 1933, wakasomesha watoto kwa kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti kiasi cha kahawa sokoni ukavunjika, bei ikaanguka, na miaka iliyofuata watu wengi wakang'oa mikahawa waliyoipanda baba zao, wakapanda nyanya na mahindi, mazao ya miezi michache. Ukimkuta mzee kama huyo leo anauza ndizi zikiwa bado kwenye mgomba ili apate pesa leo leo, usimwambie hana maono. Aliwahi kuwa nayo, akangoja, na aliyeahidi hakurudi na rangi. Mjukuu wake aliyeona yote hayo ndiye anayeagiza vinywaji baa nzima.

Kwa hiyo ninaposikia fulani ni mtu wa leo na fulani ni mtu wa kesho, kama vile ni damu au kabila, nauliza kwanza: ni nani aliyewahi kumwahidi kitu, na alikipata?

Na jibu zuri kuliko yote nimeliona kwenye sanduku la chuma. Desemba ndiyo vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavunjwa. Mfumo wa sanduku ulianza Niger mwaka 1991, kwa kina mama wa Maradi wakisaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa hadi kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Siku ya kuvunja mkeka unatandikwa, kufuli zinafunguliwa moja baada ya nyingine, noti zinamwagwa katikati na zinahesabiwa kwa sauti, mara mbili, na hakuna anayepiga hadithi wakati huo. Kila mwanachama ana kijitabu chenye mihuri ya hisa zake. Mama mmoja wa kwetu, muuza maparachichi, alipokea fungu lake akaligawa hapo hapo akiwa bado amepiga magoti. Fungu la kwanza alilifunga kwenye pindo la kanga, la sare na madaftari. La pili akabaki nalo mkononi, la nyama na mafuta ya kula, na hilo alilishika kwa tabasamu. La tatu akalirudisha kwa mweka hazina, hisa yake ya kwanza ya mwaka mpya, kabla sanduku halijafungwa. Sijui dodoso la maswali 56 lingemweka wapi. Huyo mama hamzidi nidhamu yule kijana wa baa. Ana wenzake ambao kila wiki, mwaka mzima, walitimiza walichosema.

Kesho nayo ina ugonjwa wake, tusiifanye malaika. Tembeeni huko juu mlimani muone nyumba za vyumba sita, za bati la rangi na geti la umeme, ambazo miezi kumi na moja anaishi mlinzi na paka. Mwenyewe yuko Dar, amepanga, anajinyima, anajenga kwa ajili ya kustaafu. Wengine, tuseme ukweli, tunajenga ili siku ya msiba waombolezaji wapate pa kukaa. Wanawe wanamjua kwa sauti ya simu. Kaka, kama unasoma hii na umejitambua, choo cha nne kinaweza kungoja. Lete watoto.

Imebaki jana ya uchungu, na yenyewe ina siku yake maalumu: tarehe 26, kikao cha ukoo. Hapo ndipo mpaka uliosogezwa hatua mbili enzi za Mwalimu unasogezwa tena kwa maneno. Yupo baba mdogo ambaye maisha yake yote yamesimama kwenye siku ile aliyonyimwa mgomba mmoja. Hawezi kuuza, hawezi kulima upande ule, hawezi kula kwa kaka yake. Tumwambie yaliyopita si ndwele? Ameshaambiwa, na ndwele anayo. Wazee wetu walikuwa na utaratibu mwingine. Mmea wa sale, ule tunaoupanda kama alama ya mpaka kati ya kihamba na kihamba, ndio huo huo ambao mkosaji huchuma jani lake na kulipeleka kwa aliyemkosea, na kulikataa jani la sale ni jambo zito sana. Mmea ulio shahidi wa ugomvi ndio unaotumwa kuomba radhi, na mkosaji hana haja ya kusafiri mbali kuutafuta. Wenye kesi za mipaka mwaka huu, sale zipo tele, nimeziona zimestawi kwa mvua hizi.

Basi niwasalimu kwa majina ya mahali. Mlioko Rombo, Marangu, Machame, Kibosho na Old Moshi, tutaonana. Mlioko Bukoba kwenye vibanja vyenu, mnajua ninachosema kuliko mtu yeyote. Mlioko Muscat na Dubai mkihudumia nyumba za watu siku ya sikukuu, mkihesabu miezi ya mkataba, tunawaombea mwajiri alipe kwa wakati, maana nanyi mnangoja kwa kuamini neno la mtu. Mlioko Minneapolis na Reading kwenye baridi, pigeni simu mapema kabla mtandao haujaelemewa, na msiulize bei ya mbuzi.

Mungu awape mwaka wenye afya, watoto wafaulu, na kila aliyewaahidi kitu atimize.

Tangazo dogo kabla sijafunga: anayerudi Dar tarehe 2 kwa gari binafsi na ana nafasi ya mikungu miwili ya mshare na kuku mmoja aliye hai, anitafute. Mafuta tutachangia, na safari hii nalipa kabla ya kupanda.