Kope ya mtoto ikilegea, pimeni kwanza jicho lililo chini yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, na ni mama wa binti aliyezaliwa na kope ya juu ya jicho la kushoto ikiwa imelegea. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka mitatu na ushee. Tangu hapo kinamama wanaoniletea vitambaa huniletea na watoto wao: huyu katoka Igawilo, yule Inyala, mwingine kapanda daladala kutoka Mbalizi na kichanga mgongoni. Wote huuliza jambo moja: "Dada, na huyu apasuliwe, au nisubiri akue?"

Mimi huwauliza: jicho lenyewe limepimwa? Karibu wote hujibu bado. Ndiyo maana nimeona niandike.

Daktari wa macho alinieleza kwamba kope ya juu huinuliwa na msuli mwembamba uliolala ndani ya tundu la jicho. Kwa watoto kama wangu msuli huo haukuumbika sawasawa tangu tumboni, kwa hiyo hauvuti. Mama hakulalia ubavu mbaya, wala hakuna aliyemtupia mtoto jicho. Na msuli huo haupati nguvu kwa mtoto kukua. Katika zahanati moja niliambiwa "itafunguka yenyewe", na najua kinamama wengine wanaambiwa hivyo hadi leo. Kope ya kuzaliwa nayo ya namna hii haifunguki yenyewe.

Kinachokua ni kuona. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kwa picha zinazoingia machoni, na kazi hiyo hufanyika zaidi katika miaka ya mwanzo, mpaka kwenye miaka saba au minane. Kope ikiziba mboni, au ikilibana jicho mpaka picha ikapinda, ubongo huegemea jicho lile zima na kuliacha hili. Madaktari huliita jicho vivu. Mtoto hasemi, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine. Umpeleke hospitali akiwa darasa la tano, kope itainuliwa vizuri na picha za kipaimara zitapendeza, lakini jicho litabaki halioni inavyopaswa.

Kwetu jambo hili lilipita kwenye kikao cha familia, na sisemi kwa ubaya, kwa sababu kila aliyesema alikuwa anampenda mtoto. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kiwira, alisema kope hiyo ipo kwenye ukoo: baba mdogo wa mume wangu anayo, na amelima kahawa na migomba, ameoa, amesomesha. Shangazi akaongeza kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, kwa nini tumpasue mtoto kwa ajili ya urembo? Mume wangu aliogopa nusukaputi. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Kumkabidhi mtoto wa miaka mitatu alazwe usingizi wa dawa si jambo la kumwambia mtu "jikaze tu".

Ila nilikuwa nimeshaona jambo kliniki. Daktari alipofunika jicho la kushoto, binti yangu aliendelea kucheza. Alipofunika la kulia, mtoto alilia na kuusukuma mkono wake. Basi mume wangu, kwa adabu zote, akamwomba baba mdogo wake afunike jicho zima kwa kiganja, akamwonyesha vidole. Mzee alikaa kimya kidogo, akasema anaona mwanga tu. Amefikisha zaidi ya miaka sitini bila kujua kwamba jicho lile halioni kitu, maana hakuna aliyewahi kumwambia alifunike lile jingine. Hapo neno la urembo halikusemwa tena, na mama mkwe ndiye aliyetoa nauli yetu ya Dar es Salaam.

Safari haikuwa ya kukimbilia kisu. Kwanza binti alipewa miwani, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa linaona picha iliyopinda, kisha tukaagizwa kuliziba jicho zima kwa plasta saa chache kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Wazazi wenzangu, hii plasta ni vita. Mtoto anaibandua, majirani wanakuuliza umempiga na nini, bibi anamwonea huruma anaitoa. Lakini ndiyo dawa yenyewe, na upasuaji hauchukui nafasi yake. Hata baada ya kope kuinuliwa tuliendelea kuziba.

Uamuzi wa upasuaji tuliufikia kwa vipimo. Daktari alibana nyusi kwa kidole gumba, akamwambia mtoto atazame chini kisha juu, akapima kwa rula kope imepanda kiasi gani. Ya binti yangu ilipanda milimita 3. Pale msuli unapovuta vya kutosha, hufupishwa na kushonwa upya. Unapokuwa hoi kama wetu, kope huning'inizwa kwenye msuli wa paji la uso, ule ule ambao watoto hawa hujifunza kuutumia wenyewe. Mtazame mtoto mwenye kope iliyolegea, utaona nyusi imepanda na kidevu kimeinuliwa kama anayechungulia juu ya ukuta. Kamba ya kuning'inizia yaweza kuwa ya silikoni au uzi maalumu, au utando mgumu unaotolewa kwenye paja la mtoto mwenyewe. Wa paja hudumu zaidi, ila mguu lazima uwe umekua vya kutosha, kwenye miaka mitatu au minne hivi. Mtoto ambaye mboni imezibwa kabisa hasubirishwi mpaka mguu ukue; huinuliwa mapema kwa silikoni, na baadaye inaweza kulazimu kurudia. Mtoto ambaye kope imeshuka kidogo tu na jicho linaona vizuri anaweza kusubiri hata mpaka miaka minne au mitano, kwa sababu akiwa mkubwa anatulia na vipimo vinakuwa vya uhakika. Kwa hiyo mama wa Inyala na mama wa Mbalizi wanaweza kupewa majibu tofauti, na yote yakawa sahihi.

Sisi tarehe ya kwanza iliahirishwa kwa mafua. Ilikuwa Juni, na baridi ya Uyole kila mtu anaijua. Mtoto akiwa na kikohozi au mafua mazito, wanaosimamia nusukaputi hawampokei, na nawaunga mkono.

Mume wangu alipouliza "itakuwa sawa na ile nyingine?", daktari alimjibu waziwazi kwamba haitakuwa sawa. Mtoto akitazama mbele zitakaribiana, akitazama chini ile iliyoshonwa itabaki juu. Akilala, jicho halifumbi lote. Kila usiku namtia mafuta ya jicho ili kioo cha jicho kisikauke, na upepo wa vumbi wa Agosti na Septemba ukianza namwongezea matone mchana. Mzazi aambiwe haya kabla ya kutia sahihi, ili asije akaona jicho liko wazi usiku akadhani mtoto ameharibiwa.

Na kuna kope nyingine zinazotisha watu bure. Mama mmoja alinijia na mtoto ambaye kope yake ilikuwa inaruka juu kila anaponyonya, na mtaani walishamwambia ni mashetani. Ni hali inayojulikana; daktari Marcus Gunn aliielezea huko London mwaka 1883. Mshipa wa fahamu wa msuli wa kutafunia umeungana kimakosa na msuli wa kope, basi. Mtoto huyo naye apelekwe akapimwe. Ila kope iliyokuwa nzima ikaanguka ghafla, au inayozidi kulegea kadiri siku inavyokwenda, au mboni mbili zisizolingana, hizo zisingoje zamu ya kliniki. Nendeni siku hiyo hiyo.

Ombi langu ni kwa waganga wakuu wa wilaya za mkoa huu na jirani zetu wa Songwe, Njombe na Iringa. Mtoto wa Tanzania hufikishwa kliniki kwa chanjo anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Tunapanga foleni, mtoto anatundikwa kwenye mizani, kadi inajazwa, tunarudi nyumbani. Katika mahudhurio yote hayo muuguzi anaweza kummulika mtoto kwa tochi akaona kama mboni zote mbili ziko wazi, na wa miezi 9 akafunikwa jicho moja moja kuona kama analia. Ni kazi ya dakika moja, haihitaji mashine. Atakayeonekana na shida aandikiwe rufaa siku hiyo kwenda kwa daktari wa macho, asiambiwe arudi akikua.

Upasuaji wenyewe haufanyiki kila mahali, na kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi ni miongoni mwa hospitali zenye huduma ya macho ya watoto, lakini mzazi wa Mbarali au Ileje hafiki huko kwa kubahatisha. Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Nauli, chakula na mahali pa kulala hazimo. Madaktari bingwa wanaokuja kwa kambi huku Nyanda za Juu Kusini waje na wa kope za watoto pia, na tarehe zitangazwe redioni mapema, ili mama aliye shamba Usangu apate muda wa kuuza gunia la mpunga na kujiandaa.

Mzazi na fundi cherehani,
Uyole, Mbeya