Koku, Nagano haimalizwi kwa siku nne

Bukoba

Mwanangu Kokugonza,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza, na juzi usiku senene wa kwanza walionekana kwenye taa za barabarani, wachache tu, watoto wakawagombania hadi wakaangushana matopeni. Mama yako anakusalimu na anauliza kama umeshanunua soksi nzito. Mjibu yeye kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ile ratiba uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Vituo 9 kwa siku 4, na chakula cha mchana umekipa dakika 25! Nilicheka peke yangu, maana ratiba kama hiyo niliiandika mwenyewe nilipofika Matsumoto, mji wa mkoa huo wa Nagano huko Japani, kusoma, nikaishia kuiona Nagano yote kupitia dirisha la basi. Kwa hiyo nimechukua kalamu nyekundu. Usinune.

Nagano haina bahari hata kidogo. Imezungukwa na nchi kavu pande zote, na milima imeikata vipandevipande, kila bonde na mji wake na chakula chake. Jina la zamani ni Shinshu, na bado utalikuta kwenye pakiti za tambi na maboksi ya tufaha. Vilele vyake vikubwa vinapita mita 3,000. Usije ukavidharau kwa kuwa umezaliwa nchi ya Kilimanjaro. Mwanzoni mwa Novemba asubuhi za kule zinauma masikio.

Nianze na niliyoyakata.

Ile picha ya basi linalopita katikati ya kuta za theluji ni ya barabara ya Tateyama Kurobe. Kuta hizo hukaribia mita 20 miaka mingine, lakini ni za Aprili hadi Juni. Wewe unakwenda Novemba. Utashinda siku nzima ukipanda basi, ukishuka, ukipanda kiberenge cha kamba, na nauli yake si ya mchezo, ili uone ukungu. Bwawa la Kurobe ni kubwa kweli, mita 186 kwenda juu, hakuna lililolizidi Japani. Lilikamilika 1963 na wafanyakazi 171 walipoteza maisha katika ujenzi wake. Ila yale maji yanayomwagwa kwa kishindo hufungwa katikati ya Oktoba. Rudi mwaka mwingine, majira ya kuchipua.

Kima wanaooga maji ya moto kule Jigokudani nimewakata kwa shingo upande, najua ndio ulioanza nao. Jina lenyewe maana yake ni Bonde la Jehanamu, kwa sababu ya mvuke unaofuka ardhini. Lakini kima huyo haogi ili watalii wampige picha. Huingia majini kwa sababu ya baridi, na theluji yenyewe bado. Tena msimu wa majani kupukutika msituni kuna chakula tele, na zipo siku hawashuki kabisa. Ungetembea zaidi ya nusu saa msituni ukakutana na dimbwi tupu.

Na Hakuba pia nimeikata, kwa kuwa ni mji wa kuteleza kwenye theluji. Ila treni ikikukaribisha upande ule, mkumbuke jirani yetu Philip Boit wa Kenya. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1998 ilifanyika Nagano, na Boit, mkimbiaji aliyekuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu nyuma, alishindana hapo Hakuba mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyeshinda, alimsubiri kwenye mstari kama dakika 20 akamkumbatia. Boit aliporudi kwao akampa mwanawe jina la Daehlie. Mimi hadithi hiyo huwa ninaisimulia kila nikipata msikilizaji, wewe unajua.

Sasa yaliyobaki. Ni manne, na yanafuata njia moja ya reli kwenda kusini, kwa hiyo hutarudi nyuma, isipokuwa siku ya tatu tu, utakapochepuka na kurudi Matsumoto.

Kutoka Tokyo, Shinkansen, ile treni ya kasi, itakufikisha mji wa Nagano kwa kama saa moja na nusu. Nenda moja kwa moja hekalu la Zenko-ji na ulale hapo hapo jirani. Kuna nyumba za wageni za hekalu, chakula chake hakina nyama. Jengo kuu lililopo leo ni la 1707, ingawa hekalu lenyewe lina zaidi ya miaka 1,300. Ndani kuna sanamu ya Buddha isiyoonyeshwa kwa mtu yeyote. Inayoonyeshwa ni nakala yake, nayo ni kwa misimu maalumu tu, kama 2022.

Kitu nisichotaka ukikose ni kile kilicho chini ya sakafu. Unakata tiketi, unashuka ngazi chache, na taa zinaishia hapo. Simaanishi gizagiza, Koku. Giza lile la kijijini usiku usio na mwezi bado lina nyota. Hili halina kitu. Unaweka mkono wa kulia ukutani, usawa wa kiuno, unasogea. Mbele yako unamsikia bibi fulani akicheka kwa woga, nyuma yako mtoto anamwita mama yake, na mbao zimelainishwa na viganja vya watu wa miaka mingi. Halafu mkono unagonga chuma. Ni kufuli, liko chini kabisa ya pale ilipo ile sanamu, na wanaamini anayeligusa ameunganishwa nayo. Ukilitikisa linalia kong, kong. Mimi mara ya kwanza nilipita bila kuligusa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutoka. Wewe tembea polepole.

Juu kwenye ukumbi utamwona Binzuru, sanamu ya mbao ambayo watu huisugua mahali wanapougua wenyewe, hadi uso wake umefutika. Mwaka 2023 aliibiwa, wakamkuta Matsumoto siku hiyo hiyo. Msugue magoti kwa niaba yangu.

Kesho yake panda treni ya Shinano hadi Matsumoto, haifiki saa moja. Ngome utaiona kabla hujauliza njia: nyeusi tii, imesimama ndani ya maji, na siku ya mawingu kupungua milima inakaa nyuma yake. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 16, na ni mojawapo ya ngome 12 tu za Japani ambazo mnara wake ni ule ule wa zamani, nyingine ni za kujengwa upya. Viatu utavibeba kwenye mfuko wa plastiki. Hapo ndipo soksi za mama yako zina kazi, lakini ziwe zenye kushika, kwa sababu ngazi moja mle ndani ina mwinuko wa nyuzi 61 na mbao zinateleza kama sabuni. Nje unahesabu ghorofa 5, ndani ziko 6, moja imefichwa. Kuta zina matundu ya bunduki na mishale, kisha pembeni kuna chumba kimekaa wazi kabisa cha kutazamia mwezi. Hicho kiliongezwa miaka ya 1630, vita vilipokwisha, kwa ajili ya ziara ya mtawala mkuu, shogun, ambaye mwisho wa yote hakuja. Karne ya 19 ngome nzima iliuzwa ibomolewe. Mtu mmoja wa mji, Ichikawa Ryozo, akaandaa maonyesho humo humo ndani ili zipatikane fedha za kuikomboa.

Ukipata saa moja, pitia jumba la sanaa la mji. Msanii Yayoi Kusama alizaliwa Matsumoto 1929, na maua yake makubwa yenye madoadoa yamesimama nje, huhitaji hata tiketi kuyaona.

Siku ya tatu ni ya Kamikochi, na hiyo siigusi. Bonde liko mita 1,500 juu, na hufungwa Novemba 15 hadi Aprili, kwa hiyo umeliwahi mlangoni. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Utapanda treni ndogo hadi Shin-Shimashima halafu basi. Shukia bwawa la Taisho, lililozaliwa 1915 mlima Yakedake ulipolipuka na matope yake yakauziba mto Azusa. Miti iliyokufia majini bado imebaki michache, myeupe kama mifupa. Kutoka hapo tembea na mto kama saa moja hadi daraja la Kappa. Maji yale, mama yangu, unahesabu mawe ya chini. Mbele yako ni Hotaka, mita 3,190, na kileleni theluji itakuwa imeshaanza.

Angalia saa ya basi la mwisho kabla hujafanya lolote. Mimi nilikaa nikitazama mlima hadi likaondoka, na handaki la kuingilia hufungwa usiku, ikabidi nitafute teksi mbio mbio. Nililipa fedha ya chakula cha wiki nzima.

Jioni hiyo utafute maji ya moto. Utavua kila kitu. Kila kitu, Koku; wanawake kwao, wanaume kwao, na hakuna anayekutazama. Kaa kwenye kigoda ujisugue na sabuni mpaka utakate, ndipo uingie, kwa kuwa bwawa ni la kujipasha moto wala si la kuogea. Taulo dogo lisiguse maji. Mimi nililitumbukiza, na mzee mmoja bila kusema neno akanyoosha kidole kichwani kwake, ambako lake lilikuwa limekunjwa vizuri kama kofia.

Siku ya nne panda tena Shinano kuelekea kusini, bonde la Kiso, ushuke Nakatsugawa, basi likupeleke Magome. Ofisi ya wageni hapo hupokea mizigo na kuituma Tsumago, wape wako. Kisha tembea. Ni kilomita 8 hivi za njia ya kale ya Nakasendo iliyounganisha Kyoto na Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Ilikuwa na vituo 69 vya wasafiri, na Magome na Tsumago ni viwili kati yake. Anzia Magome, mlima wake ni mfupi kuliko ukitokea upande wa pili. Utakuta kengele zimefungwa njiani: zipige kwa nguvu, dubu wapo kweli. Katikati kuna nyumba ya zamani wanakopika chai juu ya moto wa kuni na kukupa bure. Keti. Hapa ndipo nilipofuta zile dakika zako 25.

Tsumago mchana magari hayapiti barabara kuu na nyaya za umeme zimefichwa. Wakazi wenyewe waliwekeana mkataba 1971: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Lala hapo. Watalii wa siku moja wakishaondoka alasiri, unabaki na sauti ya maji kwenye mifereji na moshi wa kuni.

Kuhusu kula: soba ya baridi, ile tambi ya kijivujivu, uivute kwa sauti, si utovu wa adabu. Ukimaliza watakuletea maji yaliyoichemsha, uyachanganye na mchuzi uliobaki unywe. Ukiona basashi kwenye menyu, ujue ni nyama ya farasi, mbichi. Uamuzi ni wako. Na maduka mengi yana inago, panzi wa mashamba ya mpunga, waliopikwa na sosi ya soya na sukari hadi wanang'aa.

Nilimweleza bibi yako jana kwamba kuna watu kule nao wanakula jamaa za senene. Akanyamaza kidogo, akauliza kama wanawakaanga na kitunguu. Nikamwambia hapana, wanaweka sukari. Amesema umletee kopo moja, atawapika upya.

Baba yako