Kampeni ya Oktoba inaisahau chupa ya bia

Bwana Mhariri,

Kila Oktoba akina mama wa Lubumbashi wanavishwa utepe wa waridi na kuhimizwa kujipapasa matiti kutafuta dalili za kansa ya titi. Ni vizuri, ila kujipapasa hugundua uvimbe ambao tayari upo. Hakumpunguzii mtu hatari ya kuupata. Na mazungumzo ya kinga yakianza, katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, utasikia kwamba franka zinazofichwa kwenye sidiria ndizo zinazoleta kansa. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Hela za kwenye sidiria adui yake ni jasho tu.

Bia, yenyewe, haitajwi na mtu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lenye makao Lyon, liliviweka vinywaji vya kileo kati ya visababishi vya kansa kwa binadamu tangu 1988, na leo kansa ya titi imo kati ya zile ambazo uhusiano wake umethibitishwa. Mwili hugeuza kileo kuwa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba vya chembe. Juu ya hayo, kileo hupandisha estrojeni, homoni inayozichochea chembe za titi kuongezeka.

Kwa kila gramu 10 za kileo kwa siku, hatari ya mwanamke hupanda kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Asilimia hizo zinahesabiwa juu ya hatari aliyokuwa nayo. Si kwamba wanawake 10 katika 100 wataugua. Sasa tupige hesabu ya meza zetu. Chupa ya sentilita 72 yenye kileo cha asilimia 5 inabeba gramu 28 hivi. Mililita 90 za pombe kali ya asilimia 40 zinabeba kiasi kile kile. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, haina lebo, basi hata hesabu yenyewe haiwezekani. Divai nyekundu “ya kuongeza damu” nayo haina msamaha, kwa maana kileo ni kile kile. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kiwango kisicho na hatari. Asiyeweza kuacha kabisa, kutoka chupa ya kila jioni hadi moja ya Jumapili ni punguzo kubwa.

Ushauri mbaya kuliko yote ni ule wa kumnywesha mama aliyejifungua bia nyeusi ili maziwa yaje. Kileo huzuia oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke, na mtoto huishia kupata machache. Hapo mama anapoteza mara mbili, kwa sababu kunyonyesha ni kinga. Uchambuzi uliochapishwa 2002, uliokusanya tafiti 47 za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 kwa kila uzazi. Miezi ya watoto wote hujumlishwa.

Kinachokatisha kunyonyesha hapa kwetu mara nyingi ni biashara: mama anarudi sokoni, mtoto anabaki na maji na uji kabla ya miezi 6, titi halinyonywi, maziwa yanapungua. Dawa yake ni kukamua kwa mkono kila baada ya saa 3 hivi, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hayo hukaa saa 4 penye ubaridi usiozidi nyuzi 25. Joto la Oktoba huvuka hapo, kwa hiyo yatumike mapema zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha.

Uzito una wakati wake. Hedhi ikishakoma, ovari huacha kutengeneza estrojeni, na kazi hiyo hufanywa zaidi na mafuta ya mwili. Ndiyo sababu unene wa baada ya miaka 50 una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mita ya fundi cherehani ikizidi sentimita 80 kiunoni, punguza tonge la bukari (ugali) na mafuta ya sombe (majani ya muhogo), na uachane na sukre, yaani soda: chupa ya sentilita 33 huweza kuwa na gramu 35 za sukari. Kutembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, kunatosha kuanzia. Anayeuza akiwa amekaa kutwa nzima anauhitaji mwendo huo kuliko mwenzake anayebeba mizigo.

Haya yote hupunguza hatari, hayaifuti. Karibu nusu ya wanaougua hawana sababu inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliopita miaka 40, kwa hiyo mgonjwa asilaumiwe. Uvimbe usiouma, ngozi kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu: hospitalini wiki hiyo hiyo, bila kukandwa wala kuchanjwa chale kwanza. Wanaume pia, ingawa kwao ni nadra.

Tunaliomba gazeti lako lichapishe hesabu ya chupa kwenye ukurasa wa Oktoba, na waandaaji wa sherehe wasimalizie hotuba zao kwa kufungua bia.

Wauguzi na wakunga, Lubumbashi