Nane Nane imfikie na mkulima kiziwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa maonesho ya wakulima ya Nane Nane huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo. Kila Agosti huenda viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, kutafuta mbegu bora na ushauri ambao kijijini tunaupata kwa nadra, maana bwana shamba ni mmoja na vijiji vyake ni vingi.

Mwaka jana nilifuatana na jirani yangu, mkulima hodari ambaye ni kiziwi. Kwenye banda moja la mbegu alitoa simu, akamwonyesha mtaalamu picha ya viazi vyake vilivyonyauka vikiwa bado kijani. Mtaalamu akaanza kueleza. Alipoambiwa kwamba mwenzangu hasikii, akapaza sauti. Kisha akanigeukia mimi na kunieleza yote, kana kwamba shamba ni langu. Kipeperushi pia akanikabidhi mimi, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Jirani yangu anasoma Kiswahili vizuri sana. Kalamu na karatasi vingetosha.

Siku hiyo hiyo nilimwona mama mmoja kwenye kiti mwendo ameishia ukingoni mwa vipando. Vijia vilikuwa vyembamba na vimelowa maji ya umwagiliaji, akabaki kutazama mahindi kwa mbali wakati wenzake wanauliza maswali.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Wengi wao wanalima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, kwa hiyo hili wala si suala la hisani.

Kamati ya maandalizi inaweza kuanza sasa, mabanda hayajapakwa rangi. Anayepewa eneo atakiwe kuweka mserereko pale penye ngazi, na vipeperushi vya Kiswahili. Kila shamba la vipando liwe na njia moja pana, kavu, iliyoshindiliwa. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kishirikishwe kupata wakalimani wa lugha ya alama, nao walipwe kama wanavyolipwa washereheshaji. Na kabla ya Agosti mosi redio zetu zitangaze mkalimani atakuwa banda gani na saa ngapi, ili ndugu wa viziwi wawafikishie habari mapema.

Mkulima wa viazi,
Mbeya