Kaka, Mark II imeonekana

Kaka,

Habari za Mwanza? Huku Dar wote wazima. Mama anakusalimu sana na anasema wale sato wa kukaushwa hajawasahau. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana haya yangekatika katikati na vocha. Jumamosi Mark II yetu, ile Toyota tuliyoigeuza kuwa gari ya drifti, mchezo wa kutelezesha gari kwenye kona, ilisimama kwenye mstari wa maonyesho, boneti wazi, na tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri watu walikuwa wanainamia kazi ya mikono yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasemwa pale gereji. Eti tunaharibu gari nzima, Mark II ya familia, toleo la GX100, yenye injini ya 1G ya lita mbili isiyomsumbua mtu, tunaitoa tunaweka nini? Basi ungemwona mzee mmoja, dereva teksi wa zamani, Mark II anazijua kuliko sisi. Hakuangalia rimu wala rangi. Aliinama moja kwa moja akauliza waya zimepita wapi. Nikamwonyesha ule mkanda wa kitambaa ulivyofungia waya zote pamoja, ukapita ndani ya fenda ya kushoto ukatokea kwenye fyuzi boksi, hakuna hata mmoja unaoning'inia. Akaupapasa kwa kidole mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Huyu fundi ana adabu." Nikamwambia fundi mwenyewe yuko Mwanza. Neno hilo ni lako, nimekufikishia.

Vijana wengi walitaka kujua habari za injini. Niliwaeleza kwamba hii 1JZ yenye turbo tuliyoiweka ni lita 2.5, silinda sita kwenye mstari mmoja, na zilizoingia kwenye Mark II ya JZX100 kuanzia 1996 zina turbo moja kubwa, wakati ile ya JZX90, toleo la kabla yake, ilikuwa na mbili ndogo. Kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokivuka miaka ile. Binti mmoja, nadhani anasoma ufundi, aliuliza swali zuri kuliko yote: kwa nini kuna hendibreki mbili? Nikamwingiza ndani akaishika ile ndefu. Ile ya kiwandani inavuta kwa kebo, na kebo ikivutwa kwa fujo inalegea. Hii yetu inasukuma mafuta ya breki moja kwa moja kwenye magurudumu ya nyuma, ukiigusa tu yanajifunga. Halafu akauliza difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Nikamwambia tumeichomelea, tairi zote mbili za nyuma zizunguke sawa, maana difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lililo jepesi na gari inabaki inavuta moshi upande mmoja bila kuteleza. Alielewa kabla sijamaliza. Huyo akija gereji nampa spana siku hiyo hiyo.

Magari yalikuwa mazuri kaka, nisikufiche. Altezza moja nyeupe, injini yake ile ile ya kiwandani, 3S, chumba cha injini kisafi hata chai ungenywea mle. Verossa ya kijivu. Subaru zimejaa kama kawaida ya mji huu, zimeshushwa, eksozi zinanguruma, ila zilipoitwa za kuteleza nyingi zilibaki pale pale, kwa sababu gari inayovuta kwa magurudumu manne inakataa kuachia nyuma. Mark II, Chaser, Altezza, hizi ndizo zilizozaliwa na propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, na ndiyo maana mji wetu una bahati: tulizipokea kama mitumba ya kwenda kazini, kumbe mchezo tulikuwa nao uani.

Na hapa nina msimamo. Kuna waliotoa hela nyingi kwenye bodi, wakaleta gari juu ya trela, wakairudisha juu ya trela bila tairi kugusa uwanja. Ni haki yao. Mimi naona gari ya drifti haijaonyeshwa mpaka iteleze. Saa tisa tukafunga boneti, nikavaa helmeti, nikaingia.

Mtangazaji alikuwa mtu anayejua. Aliwaeleza watu kwamba huku hakutafutwi wa kwanza kufika. Majaji wanaangalia mstari, pembe ya gari na mtindo wa dereva, na kwamba huu si ule mchezo wa Afrika Kusini wa kuzungusha BMW E30 mahali pamoja, ambao nao una heshima yake. Akawataja madereva Kunimitsu Takahashi na Keiichi Tsuchiya na zile barabara za milimani Japani, mpaka D1, ligi ya drifti ya huko, ilipoanza kuwa mashindano rasmi ya msimu mzima mwaka 2001. Watu wakatulia wakasikiliza. Kisha nikaiachia.

Joto lilikuwa kali, unyevu wa pwani unaujua, na nilikuwa na hofu na rejeta. Ile feni uliyoifunga ilishika kazi, geji haikupanda. Kona ya pili nilivuta hendibreki mapema, nyuma ikatoka yote, nikaona mstari wa watu kupitia dirisha la pembeni badala ya kioo cha mbele. Usukani ulifika mwisho. Hapo ndipo penye upungufu: tunahitaji tairi za mbele zikate zaidi, la sivyo pembe ikizidi kidogo gari inajizungusha.

Nilichokifurahia zaidi ni uwanja wenyewe. Ukuta wa matairi, mitungi ya kuzimia moto, gari ya wagonjwa, watoto nyuma ya uzio. Wale vijana wanaocheza usiku barabarani, kati ya bodaboda na watu wanaorudi kazini, nawaombea sana wapate viwanja. Wawili walinifuata baada ya zamu yangu wakauliza gharama ya kuingia. Nimewapa namba yangu.

Sasa maombi. Mitaa ya Gerezani na Ilala nimezunguka, nakol zilizofupishwa, vile vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele na kuligeuza kwa usukani, nimekosa. Mafundi wa pale wanasema wafupishe za zamani kwa kuchomelea, na sehemu hiyo siamini kuchomelea kwa mtu mwingine isipokuwa wewe. Nakutumia pea moja kwa basi la Alhamisi. Zipunguze kama tulivyochora, zipime mara mbili, na usizirudishe kwa basi. Zilete mwenyewe. Shoo nyingine ikitangazwa nakujulisha tarehe mara moja, na safari hii wewe ndiye utakayesimama pembeni ya boneti kujibu maswali.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako wa gereji